Liboria wa Tanuri na Sahani Zilizochelewa

Liboria Scancarello amelitumikia Tanuri la Ushirika la Roccamandola kwa miaka arobaini na mmoja. Anastaafu tarehe sita Januari, sikukuu ya Epifania, mara tu baada ya misa ya saa nne. Hafla itafanyika kwenye ukumbi wa parokia. Atakayechelewa asitafute kiti, na atakayekuja na biskuti za dukani arudi nazo kwao.

Mwenyekiti wetu, Baldassare, alitaka wasifu huu uandikwe na mtu aliyesoma. Nikamuuliza huyo aliyesoma amekanda unga na Liboria lini. Kwa hiyo anayeandika ni mimi, Crocifissa Vizzini, mkandaji, ambaye meza yangu na mdomo wa tanuri lake vimetazamana tangu wanangu wakiwa wadogo. Baldassare ameniomba niwe mfupi, nitaje tarehe na mafanikio, na nisimgombeze mtu. Tarehe nimeshaitaja.

Liboria aliingia tanurini akiwa na miaka ishirini na sita, mke wa Calogero na mama wa binti mmoja. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzoa majivu. Calogero ndiye aliyekuwa akituletea kuni za mzeituni na maganda ya lozi kwa bajaji yake ya mizigo, ile ya kijani iliyokuwa ikikohoa kuliko mwenyewe. Asubuhi mume analeta kuni, jioni mke anatoa majivu. Calogero alikuwa akisema kwamba yeye na mkewe wanaishi kwa kutazamana kupitia moshi, na kwamba ndiyo maana hawajachokana.

Enzi hizo beleshi la kuingizia trei lilishikwa na wanaume tu. Aliyelishika alikuwa mzee Vito, baba yake Baldassare. Wiki moja ya Krismasi, foleni ya trei imetoka mlangoni imefika kwenye bomba la uwanjani, mzee Vito akainama na hakuinuka. Mgongo umekataa. Tukamkalisha juu ya gunia la unga, akawa analia huku anatoa amri. Wanaume waliokuwepo wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli muhimu baa. Liboria akaweka ndoo ya majivu chini, akajifuta mikono, akachukua beleshi. Mzee Vito akamwambia aliache mara moja. Liboria akamwambia achague, anyamaze au aende mwenyewe akawaeleze akina mama kwenye foleni kwamba mwaka huu hakuna Krismasi. Mzee alichungulia nje, akaona sura zetu, akanyamaza. Beleshi halijarudi kwenye mikono ya mwanamume tangu siku hiyo, na mgongo wa mzee Vito ulipopona alirudi kama mshauri. Hakuna aliyemwomba ushauri.

Wajukuu mlioondoka Sisilia mkaenda Ubelgiji na Ujerumani, ambao mtatumiwa kijitabu hiki kwa posta, najua baadhi yenu mnadhani buchelati, biskuti zetu za tini za Krismasi, huota ndani ya boksi. Basi someni vizuri. Tini huanikwa juu ya paa mwezi wa Agosti, na kuna mtu wa kukaa kuzilinda dhidi ya nyigu na dhidi ya waume. Mwezi wa Novemba zinasagwa pamoja na lozi zilizokaangwa, zabibu kavu, maganda ya chungwa, mdalasini na divai kidogo, kidogo nimesema. Mchanganyiko huo unaviringishwa ndani ya unga uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe, unakunjwa, halafu unachukua kibano na kuuchonga mgongoni. Hapo ndipo mwanamke anapojulikana. Kila nyumba ina nakshi yake. Mama mkwe humfundisha mkwewe, nyanya humfundisha mjukuu, na binti akiolewa hubeba trei yenye nakshi ya kwao akaipeleka kwa mama wa mume, ili kule wajue ametoka mikononi mwa watu. Nyumba zetu zote huoka kwenye tanuri moja, na bila nakshi tungekuwa tunang'oana nywele kila Desemba. Wenye nakshi mbovu huzifunika kwa sukari nyeupe na chembechembe za rangi. Mnajijua.

Hata nakshi haitoshi kuleta amani. Nyumba yangu huchonga mwezi unaotazama kushoto, na Agrippina, mke wa shemeji yangu, huchonga mwezi unaotazama kulia, kwa sababu aligombana na mama mkwe wetu na hakutaka kuiga. Trei ikigeuzwa, mwezi wangu unakuwa wake. Mwaka mmoja tulishikana mbele ya tanuri, kila mmoja anavuta trei hiyo hiyo. Liboria hakupandisha sauti. Aliigawa trei katikati, nusu kwangu, nusu kwake, akasema kila mtu aondoke na manung'uniko yake, nyuma kuna watu. Agrippina mpaka leo anadai nilikula biskuti zake. Nilikula. Zilikuwa na karafuu nyingi mno.

Msije mkadhani mimi na Liboria tulikuwa chanda na pete. Kuna kiangazi kizima tulinuniana kwa ajili ya hamira. Yeye alisema naiweka nyingi, mimi nikasema atazame moto wake. Tuliongea kupitia Calogero. Namwambia Calogero, mwambie mkeo mikate iko tayari. Liboria amesimama hatua tatu kutoka kwangu anamwambia Calogero, mwambie huyo nimesikia. Calogero mwishowe akachoka, akatuletea kuni mbichi siku mbili mfululizo, moshi ukatujaza macho, tukaanza kumtukana kwa pamoja. Ndivyo tulivyopatana.

Mafanikio yake, kama mwenyekiti anavyotaka, ni haya. Hakuwahi kurudisha trei ya mtu ikiwa mbichi. Hakuwahi kumwingiza mtu mbele ya foleni, hata mke wa meya mmoja, ambaye alitia trei yake ubavuni mwa foleni na akajikuta wa mwisho, baada ya yule mzee kiziwi anayeoka viazi vyake hapo. Mwaka ule wa theluji, barabara ilipofungwa na unga ukabaki kidogo, alikataa kuoka biskuti ya mtu yeyote mpaka mkate wa nyumba ya wazee upate kutosha, na alitusikiliza tukilalamika kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Pia kuna jambo lingine ambalo nimelijua juzijuzi tu. Kila trei aliyoitoa ilikuwa na biskuti moja iliyovunjika. Sisi akina mama tulidhani ni bahati mbaya, au ni beleshi. Watoto waliokuwa wakikaa kwenye benchi la tanuri kuota moto ndio waliokuwa wakipewa hiyo iliyovunjika. Binti yangu, mtu mzima mwenye watoto pacha, aliniambia kwenye simu kutoka Torino kwamba Shangazi Liboria alikuwa akiivunja makusudi kwa kidole gumba, mbele yao, na kuwafanyia ishara ya kunyamaza. Mji mzima humwita shangazi, na mimi nilidhani ni kwa heshima tu.

Sasa nafika pale ambapo Baldassare alisema nisifike.

Sisi tuna desturi yetu. Nyumba iliyofiwa haikandi buchelati Krismasi hiyo. Majirani ndio hupeleka. Unaweka sahani mlangoni, umeifunika kwa kitambaa safi, unagonga, unaondoka. Sahani haiombwi, na haishukuriwi. Wafiwa wakishakula, nyumba imefunguliwa. Krismasi inayofuata wanakanda zao na kurudisha kila sahani ikiwa imejaa. Nyumba ambayo haikupata sahani inabaki imefungwa, na mwenye nyumba mwenye adabu hawezi kujifungulia mwenyewe, maana ni kama kusema msiba wa marehemu haukuwa mzito. Msiniulize nani alianzisha jambo hili. Tulilikuta.

Calogero alikufa mwezi wa Oktoba, miaka tisa iliyopita, akiwa anashusha kuni mlangoni petu. Moyo. Mimi sikuwepo, nilikuwa Torino, binti yangu amejifungua hao pacha, na sikurudi mpaka Pasaka. Waliokuwepo mnajua ilivyokuwa. Liboria alizika, akavaa nyeusi, akarudi kazini, kwa sababu Krismasi ilikuwa njiani na trei zenu hazijui kujioka. Mlimpa pole, mkampa trei. Mlisimama mbele yake kwenye foleni, mkamwona amedhoofika, mkarudi nyumbani mkiambizana amedhoofika.

Hakuna aliyempelekea sahani.

Haikuwa kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeandika kwa ufupi zaidi. Kila mmoja alidhani mwenzake amepeleka. Isitoshe mlimwona kila siku amezungukwa na biskuti za mji mzima, harufu imemwingia mpaka kwenye nywele, mkaona kumpelekea huyu buchelati ni kumpelekea muuza maji glasi ya maji. Hamkukumbuka kwamba biskuti zote zile zilikuwa za watu, na kwamba yeye jioni alikuwa akirudi mikono mitupu kwenye nyumba yenye viatu vya Calogero.

Krismasi iliyofuata mkahesabu kwamba msiba wake umekwisha. Yeye hakukanda. Aliyeuliza aliambiwa tini zimeota ukungu. Mwaka uliofuata ukungu tena. Miaka yote hii tini za mwanamke mmoja zinaota ukungu, na sote tunaanika kwenye jua lile lile, na hakuna hata mmoja aliyekuna kichwa. Na mimi nilikuwa namsikia kutoka kwenye meza yangu, naona ni uchovu, naona ni ujane, namwacha.

Mwezi wa Novemba uliopita Baldassare akapata wazo, na kwa haki niseme lilikuwa zuri. Alitaka ukuta wa ukumbi siku ya hafla upambwe kwa biskuti moja ya kila nyumba, nakshi zote za Roccamandola ziwe pamoja, zimuage. Siku Liboria alipokwenda kupimwa macho tukazipanga mezani kwangu ili tuone kama zimetimia. Zikatimia zote isipokuwa yake. Nakshi ya Scancarello ni suke la ngano lililoinama, kama limepigwa na upepo. Mimi nalikumbuka. Agrippina analikumbuka. Wasichana waliokuwepo walisema hawajawahi kuliona.

Liboria aliporudi nilimfuata kwenye mdomo wa tanuri, nikamuuliza moja kwa moja suke liko wapi. Akaanza habari za ukungu. Nikamwambia aache upuuzi, tini zake na zangu tumezianika paa moja mwaka huu, na zangu ziko nzima. Aliendelea kusogeza makaa. Hakunigeukia.

"Sikuletewa sahani, dada," akasema. "Nilingoja mwaka ule. Nikangoja uliofuata. Halafu nikaona aibu kungoja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Sahani haiombwi."

Akafunga mlango wa tanuri, akaniambia unga wangu unaumuka na mimi nimesimama.

Lingekuwa suala la aibu yetu peke yake, labda ningekaa nalo. Lakini kuna Rosalba. Rosalba ni mjukuu wake, amelelewa nyumbani kwake tangu mama yake alipokwenda Ujerumani kutafuta kazi. Anaolewa baada ya Epifania na kijana wa Trapani, mvulana mzuri, anakula vizuri. Na Rosalba hajui suke. Nyumba ilifungwa akiwa mtoto wa shule, kabla hajaruhusiwa kushika kibano. Kwa hiyo msichana alikuwa ameagiza Palermo, kwenye duka la vitamutamu, maboksi ya biskuti yenye utepe wa dhahabu, ndiyo aende nayo kwa mama mkwe. Bibi yake alimwambia maboksi ni mazuri. Alimwambia siku hizi ndivyo wanavyofanya. Mimi nilikuwepo alipoyasema hayo, na nilimwona anavyozungusha kile kipande cha utepe kidoleni, anazungusha, anafungua, anazungusha tena. Suke la Scancarello lilikuwa linakufa ndani ya nyumba yenye wanawake wawili wazima na tini kavu kabatini, na wote wawili walikuwa wanasema ni sawa.

Desemba ilipoanza niliwasubiri akina mama kwenye foleni siku Liboria amekwenda kuchukua miwani yake, nikawaambia. Mngeona. Jirani wa ukuta alisema alidhani wanakwaya wamepeleka. Wanakwaya walisema walidhani Ushirika umepeleka. Baldassare akasema Ushirika ulipeleka shada la maua. Nikamwambia shada la maua haliliwi. Agrippina akanigeukia mimi, akasema alidhani mimi nimepeleka.

"Nilikuwa Torino."

"Ungeagiza."

"Ningemwagiza nani, wewe?"

Tukaendelea hivyo mpaka mtu akaanza kulia, na kulia kwake kukatusaidia kunyamaza. Ndipo likaja swali lenyewe: sahani inaweza kupelekwa baada ya miaka tisa? Wengine walisema itakuwa ni kumfunua mbele za watu. Wengine walisema sahani ina wakati wake, ukipita umepita. Na hata akila Krismasi hii, kwa desturi atakanda mwakani, na mwakani Rosalba yuko Trapani na maboksi yake. Agrippina ndiye aliyemaliza. Namwandika hapa kwa sababu anastahili, na sitarudia kumsifu.

"Mimi napeleka," akasema. "Mwenye aibu abaki kwake."

Tatizo likawa tanuri. Utamwokeaje Liboria biskuti kwa siri, ikiwa anayeoka ni Liboria? Anaijua trei ya kila mtu kuliko mwenyewe. Msichana mmoja akasema tutumie majiko ya gesi ya nyumbani. Nilimtazama tu. Mwishowe kila nyumba ikaleta trei zake kama kawaida, na kutoka kwenye zile zile ikatenga za sahani. Kwa hiyo Liboria alituokea sahani za msiba wake mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kujua, huku akitukaripia kwamba mwaka huu tumekanda kama tunalisha jeshi.

Asubuhi ya siku mbili kabla ya Krismasi tulikutana kwenye ngazi za kichochoro chake. Mnazijua ngazi zile, zinapanda kutoka kwa muuza samaki mpaka mlangoni kwake. Tuliziweka sahani kuanzia kizingitini kushuka, kila ngazi ilijaa, na vitambaa vyote vilikuwa vimepigwa pasi. Kisha nikagonga. Desturi inasema unagonga na kuondoka. Hatukuondoka. Tulijibanza chini kando ya duka la samaki, mji mzima, na hilo ni kosa ambalo nitalitetea mbele ya yeyote.

Liboria alifungua mlango akiwa ameshafunga aproni ya kazi. Rosalba alikuwa nyuma yake, nywele hazijachanwa. Liboria alitazama sahani ya kwanza, akatazama ya pili, akashuka na macho ngazi hadi ngazi mpaka akatufikia sisi.

"Mmechelewa," akasema.

Watu wakatazama viatu vyao. Agrippina akanisukuma kwa kiwiko. Nikapanda ngazi mbili, nikitafuta pa kukanyaga kati ya sahani.

"Hizi ni za Krismasi ile ya Calogero," nikamwambia. "Zimekawia njiani. Mwaka wa kungoja umeshapita, tena umepita mara nyingi. Kula, kesho ukande."

Alizitazama sahani tena. Nilijua anachokifanya. Alikuwa anaipima ile hoja, maana Liboria hapokei kitu ambacho hakijakaa sawa, hata ukimlilia.

"Na mkate wa watu leo?" akauliza.

"Watu watakula biskuti."

Akakaa kwenye kizingiti. Akafunua kitambaa cha kwanza, akachukua moja, akala. Akasogea ngazi ya pili, akafunua, akala. Hakuruka sahani hata moja. Alituambia nani amebania lozi. Alituambia nani ametia divai kama anaoga nayo. Rosalba alikuwa akimfuata nyuma anakusanya vitambaa na kuvikunja. Kwenye sahani ya Agrippina Liboria alisimama, akafunika macho kwa aproni, akakaa hivyo muda mrefu, na alipoweza kusema alisema ni karafuu. Agrippina, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikubali kwamba zimezidi.

Siku hiyo Roccamandola haikupata mkate mpaka mchana. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mzee kiziwi wa viazi, na yeye hakuwa ameelewa.

Jioni ile moshi ulionekana kwenye dohani ya jikoni kwa Liboria, na harufu ya lozi zinazokaangwa ikashuka ngazi zote. Sikwenda kuchungulia. Rosalba amenisimulia. Bibi yake alitoa kibano kwenye sanduku la kushonea, akakishika, akakaa nacho bila kuanza, na Rosalba akaogopa kwamba amesahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa anamngoja msichana avute kiti.

Siku iliyofuata, mkesha wa Krismasi, Liboria Scancarello alisimama kwenye foleni ya tanuri kama mteja. Ana trei kiunoni, mjukuu ana nyingine. Watu walitaka kumpisha, akawafokea. Akasukumwa kama wote tunavyosukumwa, akakanyagwa, akanung'unika kwamba huduma imeharibika. Beleshi nililishika mimi. Suke lake lilikuwa lile lile, limeinama, punje kwa punje. Suke la Rosalba linafanana na mifupa ya samaki. Litanyooka, au niseme litainama, akiendelea. Ana bibi mwenye nafasi sasa.

Niliunguza safu ya nyuma. Nilikuwa namtazama yeye badala ya moto.

"Umeziunguza, dada," akasema Liboria.

Nikamwambia wateja hawaongei na mwokaji. Akacheka. Mimi sikuwa nimemsikia akicheka mbele ya tanuri lile tangu kuni zilipokuwa zinakuja na Calogero.

Maboksi ya Palermo yamefutwa. Rosalba atakwenda Trapani na trei yake ya mifupa ya samaki, na mama mkwe akiuliza ni nini, ajibiwe kwamba ni suke, na aamini. Sahani zetu zote zimerudishwa kwa adabu, zimejaa. Yangu ilirudi na zile zilizoungua, zote, amezichagua moja moja. Nimezila mpaka ya mwisho, na sijampa mtu.

Kwa niaba ya wakandaji, ya Ushirika, ya mwenyekiti ambaye atanikasirikia, ya kila mtoto aliyekaa kwenye lile benchi, na ya akina mama wote ambao leo wamekaa ukumbini wakitazama chini, tunakushukuru, Liboria. Ulitufanyia Krismasi arobaini na moja, na nyingine kati ya hizo ulizifanya nyumba yako ikiwa imefungwa, na hukuunguza hata moja kwa hasira. Mungu akupe miguu ya kupanda ngazi zako na meno ya kulia lozi. Usirudi kutuchungulia tanurini tunavyofanya. Utarudi, najua, lakini usiwe unarudi kila siku.

Nenda kapumzike kwako, dada. Nyumba imefunguliwa. Tutaingia, na hatutagonga.